Mpelelezi wa Nyumbani Kwetu

Kitabu kinaanza na mtu anayejitoa wadudu kwenye nywele. Jerry Fabin anakaa bafuni kutwa, maji yanamwagika, na mbwa wake kamwingiza humo humo kwa sababu mbwa naye ana wadudu. Wadudu wenyewe hawapo. Rafiki yake Charles Freck anapita kumsalimia, anaelezwa hali ilivyo, kisha anapewa kazi ya kuwakamata na kuwatia kwenye chupa ili daktari akaoneshwe. Nusu saa baadaye wamejaza chupa tatu. Freck, japo ni mgeni wa shughuli hiyo, ndiye aliyepata baadhi ya wale wakubwa kabisa.

Huo ndio mwanzo wa A Scanner Darkly, riwaya ya Philip K. Dick iliyotoka Marekani mwaka 1977. Nilikiokota kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini pale Posta, jalada limekatika kona, bei ya kutupa. Wanaokisifia husifia kamera na mavazi ya ajabu. Hayo yamo, tutayafikia. Mimi kilinishika kwa huyu Freck. Fabin ni mgonjwa, hilo halina ubishi. Freck alikuja kupiga stori tu, na akaanza kuona kwa sababu mwenye nyumba anaona.

Kwetu Temeke tulikuwa akina Freck watatu: mama, shangazi na mimi. Mwenye wadudu alikuwa mdogo wangu.

Alikuwa fundi simu Kariakoo, mikono myepesi, na wateja walikuwa wakimfuata hata akihama meza. Alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, kama walivyoanza wengi wa kijiweni kwao, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua. Tatizo la unga ni kwamba hauleti maruweruwe. Anayevuta heroini haoni wadudu wala haongei na ukuta. Anasinzia, anajikuna, anapoa, na ukimuuliza anakujibu vizuri kwa adabu zote. Kwa hiyo dunia ikianza kuyumba, haiyumbi kichwani mwake. Inayumba kwa wale wanaolazimika kueleza vitu vinakwenda wapi.

Na sisi tulieleza. Simu ya mteja ikipotea, mama anasema Kariakoo imejaa wezi. Mtoto kakonda, anakula vibaya huko mjini. Mimi niliyesoma nilikuwa na maneno yangu ya kisomi, nikasema ni msongo wa mawazo. Shangazi alitoka Mbagala na jibu lililokamilika: kijana amechezewa, na hadi jirani aliyehusika alimtaja. Chupa yake ilikuwa na mdudu mkubwa kuliko zetu zote. Mdogo wangu hakuhitaji hata kutunga uongo. Alikaa tu kwenye kochi, tukamtungia.

Kilichotufumbua macho ni sanduku lake la kazi. Nilikuwa natafuta bisibisi. Chini ya nyaya za risasi ya kulehemea palikuwa na vijifuko vya nailoni, vidogo kama punje za mahindi, ncha zake zimekunjwa na kuunguzwa kwa kiberiti ili zijifunge. Nilimuuliza. Akaniambia ni unga wa kulehemea saketi. Alilitamka neno lenyewe, unga, uso mkavu, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Ilinichukua mpaka usiku, nikiwa nimelala, kusikia alichoniambia.

Asubuhi yake mama aliniita jikoni. Hakulia. Alisema, "Wewe ndiye mkubwa. Mwangalie mdogo wako." Hapo ndipo nilipopata kazi ambayo Bob Arctor anayo katika kitabu hiki.

Arctor anaishi Orange County, California, mwaka 1994, ambao kwa mwandishi ulikuwa bado haujafika. Nyumba yake imejaa marafiki watumiaji, na yeye mwenyewe anatumia Substance D, dawa ambayo wenyewe wanaiita Kifo. Wasichojua ni kwamba ni askari kanzu. Akienda kuripoti anaitwa Fred, na anavaa vazi linaloonesha juu yake vipande vya sura za watu milioni moja na nusu, vinabadilika mfululizo, hivyo anayemtazama haoni mtu bali ukungu wenye sauti. Hata bosi wake hajui Fred ni nani nje ya ofisi. Ndiyo maana bosi, bila ubaya wowote, anamkabidhi Fred kazi mpya: kumpeleleza Bob Arctor. Kamera zinafungwa nyumba nzima. Fred anakaa chumba cha pembeni, anarudisha nyuma mikanda, anajitazama akila, akilala, akibishana, kisha anaandika ripoti: mtuhumiwa alifanya hivi, mtuhumiwa alisema vile.

Hadithi ya namna hii mtu anaweza kuiita ya kubuni sana. Mimi nilikuwa naiishi bila vazi wala kamera. Nilikuwa na macho na simu ya pili. Kwa namba ile nyingine nilimpigia bosi wake najifanya mteja, nijue kama kafika kazini. Nilijifunza kumtazama mboni: mtu aliyetoka kupiga stimu mboni zake zimesinyaa hata akiwa chumba cha giza, na akifika arosto, yaani mwili unapodai dawa, zinapanuka, anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka, jasho la baridi, ngozi inasisimka. Nilihesabu muda wa maji ya bafuni. Kisha jioni nampakulia chakula, namwita kwa jina la utotoni, namuuliza Simba na Yanga wameishaje. Akilala naenda jikoni kwa mama kutoa ripoti, na humo jikoni hakuwa na jina. Alikuwa "yule". Yule kaingia saa sita. Yule kanunua karatasi za kusokotea.

Sauti ya kutoa ripoti ni tofauti na sauti ya kuongea na ndugu. Dick analijua hili vizuri. Fred anaanza kumzungumzia Arctor kwa dharau kidogo, kisha kwa mashaka ya kweli kweli, maana huyu Arctor, ukimtazama vizuri, ana pesa zisizo na maelezo na anatoweka saa nyingi hakuna ajuaye aendako. Anatoweka, bila shaka, kwa kuwa muda huo yuko ofisini akiwa Fred. Msomaji anacheka mpaka anagundua Fred hachezi. Dawa imeshatenganisha pande mbili za ubongo wake, wanasaikolojia wa polisi wanampima na kuona kila upande unajiendea, na mwisho akielezwa kwamba Arctor ni yeye, anashtuka kama wewe ulivyoshtuka siku ya kwanza.

Kuna sehemu nyingine inayofuata mkondo huo, na kwangu ndiyo inayotisha kuliko zote. Usiku mmoja Arctor yuko kitandani na msichana aitwaye Connie. Anamtazama, na sura inageuka kuwa ya Donna, mwanamke anayempenda. Kisha inarudi. Sawa, ni dawa. Lakini kesho yake Fred anarudisha mkanda wa usiku ule, na kwenye picha ya kamera pia sura inageuka. Kamera haikumeza kitu. Au aliyemeza ndiye anayeitazama kamera, kwa hiyo hakuna tena pa kupeleka rufaa. Hapo Arctor anajiuliza kamera inaona nini, kama inaona hadi ndani ya moyo au inaona giza kama yeye. Jina la kitabu limetokana na yale maneno ya Paulo kwa Wakorintho, tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo, isipokuwa Dick ameweka kamera mahali pa kioo.

Nitasema lililonitokea, halafu kila mtu apime mwenyewe. Baada ya misukosuko ambayo kila familia yenye teja inaijua na sina haja ya kuirudia, mdogo wangu aliingia kwenye methadoni, tiba ya waraibu wa heroini. Dar es Salaam huduma hiyo ilianza mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikaenea kwingine. Ni dawa ya maji. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa, anapewa kikombe kidogo, anakinywa mbele ya muuguzi, anasukumia na maji, kisha anatamka jambo ili ijulikane hajaibakiza mdomoni. Kesho tena. Inakaa mwilini kiasi cha siku nzima, arosto haiji, na dozi ikishakaa sawa mtu halewi. Anaenda kazini.

Yeye alipona kabla yangu. Alikuwa anaamka alfajiri kuwahi foleni ya dirishani, kwa hiyo jioni anapiga miayo. Mimi nikiona miayo, mwili wangu wote unasimama. Akipata mafua naona arosto. Siku moja aliibiwa simu kwenye basi la mwendokasi, kaibiwa kweli, kuna abiria waliopiga kelele, na alipofika nyumbani kueleza, mama aliniangalia mimi kabla hajamaliza sentensi. Mimi nikamwangalia mama. Yeye akatuangalia wote wawili, akacheka, akaingia chumbani. Kwa miaka tulikuwa tumeamini uongo wake wote, na sasa ameleta ukweli hakuna anayeupokea.

Wadudu walikuwa wamebaki kwetu. Mwenye nyumba keshanawa, katoka bafuni, kavaa, kaenda kazini, na akina Freck bado wana chupa mkononi.

Hili ndilo ninalowaambia ndugu wanaokaa kwenye mabenchi ya kliniki kusubiri wagonjwa wao, maana siku hizi wananikuta pale mmoja mmoja na kuniuliza nilifanyaje. Wanataka kujua dalili. Jinsi ya kumkagua, jinsi ya kumfuatilia, programu gani ya simu inaonesha mtu alipo. Dalili nawapa, zipo na zinajulikana. Ila nawaambia pia mpange nani ataacha lini. Sisi hatukupanga. Mama alinipa kazi jikoni na hakuna aliyewahi kuniambia imekwisha, na kazi ya kutazama haijimalizi yenyewe, kwa sababu kila siku mtazamaji anakuta kitu.

Sasa, kitabu chenyewe sikubaliani nacho kila mahali. Mwishoni inabainika kwamba New-Path, kituo kinachowapokea walioharibika, ndicho chenye shamba la maua ya bluu yanayotoa ile dawa. Anayeponya ndiye anayeuza. Kama mchezo wa hadithi ni mzuri sana. Nilikaa na kitabu mapajani nikitazama ukuta. Lakini Dar es Salaam fikra hiyo tunayo tayari, na ina madhara. Watu husema methadoni ni kumbadilishia mtu unga kwa unga wa serikali, na kuna akina mama waliowatoa watoto wao kwenye foleni kwa maneno hayo. Baadhi ya watoto hao hawapo. Dick angeweza kujua, kwani methadoni ilikuwa ikitumika New York tangu miaka ya 1960 kutokana na kazi ya madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander. Kwenye riwaya hakuweka dirisha la namna hiyo. Dawa yake ya kubuni haina tiba, na hilo ni haki yake kama mtunzi, ila msomaji wa kwetu asitoke humo akidhani amesoma habari.

Upande wa pili, mtu huyu hakuwa akiandika kutoka mbali. Alizaliwa Chicago mwaka 1928, akaishi California karibu maisha yake yote, na kwa miaka mingi aliandika akiwa anameza vidonge vya kumkesha, ndiyo maana katika muda mfupi wa miaka ya 1960 alitoa vitabu mfululizo. Mwaka 1965 alishatoa kingine, The Three Stigmata of Palmer Eldritch, ambamo walowezi wa Mars wanatafuna dawa ili waikimbie sayari yao. Kile ni werevu mtupu, kichwa kinazunguka. Hiki kina watu. Mke wake wa nne alipoondoka mwaka 1970, nyumba yake kaskazini ya San Francisco iligeuka kijiwe cha vijana watumiaji, wanaingia na kutoka. Novemba 1971 ikavamiwa, kabati lake la chuma likalipuliwa, na kwa miaka iliyofuata alimshuku kila aina ya mtu, pamoja na serikali, pamoja na yeye mwenyewe. Mwanzoni mwa 1972 alikwenda Vancouver, Canada, akajaribu kujiua, akaingia kituo cha waraibu wa heroini kiitwacho X-Kalay. Alipotoka alihamia Orange County, na akaanza kuandika habari za wale vijana.

Unaisikia nyumba ile kwenye maongezi yao. Kuna baiskeli ya gia kumi. Wanaihesabu: nyuma vyuma vitano, mbele viwili, jumla saba. Gia tatu zimekwenda wapi? Wanajadili kwa uzito, mmoja anaona wizi, mwingine anaona zimedondoka mahali, mpaka wanamuuliza mtu wa nje, anawaambia zinazidishwa, hazijumlishwi. Nilimsomea mdogo wangu kipande hicho kwa Kiswahili changu cha papo hapo. Alicheka hadi akakohoa. Akasema kijiweni kwao waliwahi kubishana siku nzima kama simu ya laini mbili ina hewani mbili. Akasema, "Huyu mzee alikaa nao. Hii huwezi kutunga."

Mwisho wa kitabu kuna maelezo ya mwandishi, na hayo yalitugombanisha. Dick anasema kutumia dawa vibaya si ugonjwa, ni uamuzi, kama uamuzi wa kuingia mbele ya gari linalokwenda. Mdogo wangu alikubali mara moja. Nilikasirika, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa kwenye semina za wauguzi na kuzoea kusema ugonjwa, ugonjwa, ugonjwa, mpaka jirani wa kushoto naye akaanza kusema. Yeye akasema ukiniita mgonjwa unanichunga, ukiniita mwamuzi unaweza kunilaumu lakini utaniamini nikisema leo sijavuta. Sikuwa na jibu la haraka. Bado naona kwamba uamuzi wa kwanza na kete anayovuta mara ya mia tano si kitu kimoja, na kwamba mtu anayetapika kwa arosto hachagui kama anavyochagua mtu anayevuka barabara. Dick naye hakuwa amemaliza pale. Ukurasa huo huo anawafananisha rafiki zake na watoto wanaocheza barabarani, wanaona wenzao wakigongwa mmoja mmoja na wanaendelea kucheza, na anasema waliadhibiwa kupita kiasi kwa walichokifanya. Kisha anawaorodhesha: jina, na mbele yake kilichompata. Kufa. Kufa. Wazimu wa kudumu. Uharibifu wa ubongo. Katikati yao ameandika Phil, ambaye ni yeye, kongosho lake limeharibika moja kwa moja.

Mdogo wangu aliisoma orodha ile mwenyewe, kidole juu ya mstari. Akauliza, "Mbona wauzaji hawamo?" Nikamwambia mwandishi kasema hakuna funzo, kaandika matokeo tu. Akachukua kalamu ya meza yake ya kazi na kuanza kuandika ya kwao nyuma ya jalada. Baadhi ya majina niliyajua, wengine walikuwa wakija kwetu kula. Alipofika kwake akaandika jina na mbele yake meno. Kisha akaniandika mimi: Dada, usingizi. Nilibisha kwamba mimi sikutumia kitu. Hakuinua hata kichwa.

Mimi ndiye niliyemkumbusha yule binti wa Singida, dada wetu wa kazi, aliyeondoka asubuhi moja na mfuko wake wa rambo kwa sababu sufuria kubwa la pilau lilikuwa limepotea na mama alishapata mwizi. Sufuria lilikuwa limeuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mdogo wangu akaandika jina la yule binti, akauliza aweke nini mbele yake. Nikamwambia aandike kazi. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo na sisi hatukujua. Akasema tumweke na yeye, na aandikiwe sufuria, maana lile lilikuwa la aluminiamu nzito na Kariakoo nzima siku hizi hulipati.